Chemsha Kwanza

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka akilini. Mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha Nakuru, nami nilikuwa nakimbilia hospitali kumpelekea Mwalimu Wambui habari njema.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kazi ya maabara nikiwa kijana. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba vijimea vya kijani, vile vidogo mno vinavyogeuza rangi ya maji ya bwawa, hutengeneza gesi ya nitriki oksidi vyenyewe. Wenzake walibisha. Walisema gesi ile inatoka kwa bakteria, au kwa chumvi ya nitriti anayovilisha. Walimcheka, na kicheko cha wasomi, mwanangu, kinauma kuliko cha sokoni.

Kisha kansa ikamlaza. Mimi nikakuza vijimea kutoka bwawa moja la Dundori, nikavisafisha hadi bakteria wakaisha, nikavipa nitriti na kuvifunika gizani. Kipimo kikapanda. Gesi ilikuwapo!

Nilimkuta amekonda, amegeukia ukuta. Nikamweleza. Hakutabasamu.

"Umepima na vilivyochemshwa?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi hujui kitu. Kama vimekufa na gesi bado inatoka, hiyo ni chumvi tu. Chemsha kwanza."

"Wacha nikae na wewe kidogo."

"Sitaki kubembelezwa, Jeruto. Nenda."

Nilienda nikilia. Nikachemsha, nikapoza, nikapima. Kipimo hakikusogea. Vilivyokufa havikutoa kitu. Vilivyo hai ndivyo vilivyotengeneza gesi. Miaka yote hiyo alikuwa sahihi. Sikuwa hata nimevua glavu dadake aliponipigia simu kutoka wodini.

"Usiharakishe tena, Jeruto," akasema. "Ametuacha."

Tulimzika kwao Gilgil. Nilisimama kando ya kaburi na jibu mdomoni, sina wa kumpa. Wapo walioniambia ningemdanganya tu kwamba nimeshachemsha, afe akifurahi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini na njia iliyombakia Mwalimu duniani ilikuwa fupi. Mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Hata hivyo nakuambia, mwanangu: usimpe unayempenda neno ambalo hujalihakikisha, hata akiwa kitandani, hata ukiwa na hamu ya kumfurahisha. Na ukienda kulihakikisha, muage vizuri, umshike mkono, kwa maana huenda usimkute. Mungu akupe subira ya kazi, na akujalie kufika mapema kuliko nilivyofika mimi.