Mama Mukubwa Aliniomba Kitu Kimoja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ambayo mama mukubwa aliingia chumbani kwangu, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, akiwa bado na matope ya maegesho ya malori miguuni. Mdogo wangu, sijafika umri wa kukuita mwanangu, lakini kosa nililofanya limenizeesha kidogo, basi nivumilie.

Mama mukubwa Masika, dada wa mama yangu, alikuwa akinunua kabichi kwa wakulima wa kijiji chake cha Kipese na kuzipeleka soko la Oicha. Zikifika Butembo zilipakiwa kwenye lori. Malori ya huku hayafuati saa. Yanaondoka yakijaa, na karani huandika kwenye kipande cha katoni, kwenye geti la maegesho, ni lipi liko karibu kuondoka. Aliye mbali hajui. Kabichi zikiletwa siku mbaya, zinangoja mpaka zinaoza.

Aliniomba programu ya simu itakayomwambia jambo moja tu: lori gani la Oicha linaondoka kesho. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kutazama video, na niliogopa kwamba waliosoma wangenicheka. Kwa hiyo nikaweka ramani. Nikaweka lugha tatu, na nyota za kuwapa madereva. Rangi ya kijani niliibadilisha sijui mara ngapi. Kila alipopiga simu nilimjibu, "Inabakia kidogo, mama mukubwa." Ikapita miezi minane.

Siku hiyo alikaa kwenye kitanda changu.

"Kabichi zilifika Oicha?" nikamuuliza.

"Zilikufia pale parking. Siku ine. Bateja ya Oicha bamekwisha kukamata mutu mwingine wa kubauzia." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo simu nione huyu bibi-arusi unapambaka kila siku, na ndoa haifike."

Nikamwonyesha. Kilori kidogo cha kijani kikazunguka kwenye kioo. Akakitazama kwa muda, hata akatabasamu.

"Iko muzuri, kweli. Sasa, kamiyo ya kesho ni gani?"

Nikafungua orodha ya malori; ilikuwa tupu. Katika miezi yote ile sikuwa nimeingiza lori hata moja la kweli.

"Njia ya Oicha ninaijua tangu sijaolewa," akasema polepole. "Sikukuombaka ramani. Ungenitumia foto ya ile karto ya karani kila asubui, ingetosha."

Hakunigombeza zaidi. Aliomba maji, akanywa, akarudi Kipese kulima. Soko la Oicha hakulirudia tena. Baadaye nilimaliza ile programu na watu wakaisifu, lakini yeye hakuwa tena na mzigo wa kupakia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukianza kutengeneza kitu, mtafute mtu mmoja mwenye shida. Muulize anataka kujua nini, umpe hicho tu, wiki hii hii, hata kama ni picha na ujumbe mfupi. Mwache alalamike, atakuonyesha mwenyewe cha kuongeza. Mimi nilidhani ninaboresha, kumbe nilikuwa ninajificha. Aibu ya kuonyesha kazi isiyokamilika hupita baada ya siku chache. Hii niliyobaki nayo bado haijapita.

Mungu akupe moyo wa kuitoa kazi yako ingali inakutia aibu, na siku utakayoifikisha, awe amekutunzia watu wako, wakiwa bado wanaihitaji.