Mjusi wa Papa Isaïe

Papa Isaïe alitunza mawe ya kale ya chuo miaka thelathini, wala hakuna mwanafunzi aliyeomba kuyaona mara mbili. Mwaka 2000, mabomu ya vita yalipoanza kuvunja madirisha ya chuo, alitia jiwe moja tu katika gunia, akalifunga kwenye baiskeli yake. Ndani ya jiwe hilo alilala mnyama mfano wa mjusi, aliyekufa zama za Permi, kabla ya dinosaria. Jiwe lilikuwa limepasuliwa kama mkate: kipande kimoja kilibeba mifupa, cha pili alama yake tu.

Kwenye kizuizi cha kuingilia mtaa wa Kabondo, askari alifungua gunia.

"Papa, hii iko nini? Ngando, mamba ya kukausha?"

"Iko mujusi. Alikufa zamani, miaka milioni mia mbili na sabini."

"Alors imeoza. Lakini diamant, almasi, iko ndani. Tunavunja."

Nyundo moja tu, na mjusi angekuwa unga. Papa Isaïe akakikumbatia kile kipande chenye alama tupu, akaanza kulia kama mjane.

"Beba ile ya mifupa, mutoto yangu! Hii hapana! Diamant iko ndani ya hii!"

Askari akamnyang'anya alama, akamsukumia mifupa.

"Enda kula mujusi yako, muzee!"

Nyumbani, mkewe Kahambu alichungulia gunia.

"Bon. Batu banakimbia na muchele, weye unakimbia na mifupa."

Kisha akaisukuma chini ya kitanda, upande anaolala mumewe.