Kabeji ya zambarau, ndimu nane, na mkono wa mama kwenye sufuria yangu

Wakuu, salamu kutoka Pioneer, hapa Eldoret. Nitawaeleza kitu kilichotokea jikoni kwa dada yangu wiki hii. Sitaongeza chumvi. Kama kuna chumvi humu ndani, ilitiwa na mama, na mtaona kwa nini.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimeuza mitumba Lodwar, nimekuwa utingo wa lori mpaka Juba, nimevuna viazi Burnt Forest msimu mzima nikilala store. Miaka arobaini na kitu na bado sina kitanda ninachoweza kusema ni changu. Dada yangu Nekesa husema nikikaa mahali miezi mitatu, viatu huanza kuniwasha.

Wiki mbili zilizopita Nekesa akanipigia simu. Hakusalimia.

"Kuja. Mama amekataa kunywa."

Nikafikiri ni pombe. Mama ameokoka tangu nikiwa darasa la pili. Nikacheka.

"Maji," akasema. "Amekataa maji."

Nikabeba begi.

Mama yetu alikuja Eldoret akiwa msichana, kutoka upande wa Busia, akafanya kazi kiwanda cha nguo hadi macho yakachoka. Alitulea na mashine za kiwanda hicho. Sasa ni mzee, anakaa kwa Nekesa, na hakuwa na ugonjwa wowote wa kutaja jina. Aliacha tu kunywa. Maji yananuka chuma. Soda ina utamu wa uongo. Chai anapiga mafunda mawili, halafu kikombe kinakaa hapo mpaka kinatengeneza ngozi.

Jumanne ya wiki hii tukampeleka kliniki. Daktari alishika ngozi ya mkono wake, akaivuta juu kidogo, akaiachilia. Ikabaki imesimama kama hema.

Akasema turudi Ijumaa. Akiwa bado hivyo, analazwa, anatundikiwa maji.

Mama tukamrudisha nyumbani. Akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, akasema, "Wodi ndiyo ilimla baba yenu."

Ni kweli. Mzee aliingia kwa kitu kidogo, na hakutoka.

Kwa hivyo tulikuwa na Jumatano, Alhamisi, basi.

Kuna jambo lingine niwaambie. Mimi nimepewa jina la babu, baba yake mama. Kwa hivyo tangu utotoni mama alikuwa akiniita Baba. "Baba, kuja ule." "Baba, umeoga?" Nilipoanza kuzunguka, aliacha. Siku hizi nikiingia mlangoni ananiambia, "Karibu, mgeni." Hasemi kwa ubaya. Anasema polepole kabisa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Sasa, lemonade.

Kule Juba kuna kinywaji chekundu cha maua yaliyokaushwa. Nilikuwa naona madereva wametoka kwenye vumbi, wanaletewa glasi ile, na kabla hawajaionja tayari koo linapanda na kushuka. Mtu hunywa kwanza kwa macho. Nikajiambia mama nitamtengenezea lemonade yenye rangi kama ile, labda macho yake yatasahau kukataa.

Jumatano asubuhi nikaingia soko. Maua hayo hakuna. Mama mboga mmoja akanisikiliza nikieleza mpaka akachoka.

"Wewe unataka maua ama unataka rangi?"

"Nataka rangi, mama."

Akanirushia kabeji ya zambarau. "Hii iliniharibia leso nzima. Beba."

Nikabeba, pamoja na ndimu nane, tangawizi, na minti.

Nikakata nusu ya kabeji, nikaichemsha moto mdogo. Rangi ikatoka, wakuu, zambarau nzito kama joho la askofu. Nikaipua, nikaifunika ipoe. Nikakata ndimu zote nikaziweka kando. Nikatoka kwenda duka kutafuta sukari. Sikukaa hata dakika ishirini.

Nikarudi, nikafunua sufuria.

Buluu.

Sio zambarau inayofanana na buluu. Buluu ya wino wa shule, na pembeni inaanza kuwa kijani.

"Nekesa! Nani ameweka sabuni kwa sufuria yangu?"

Nekesa akaingia kutoka kwa kamba ya nguo, vibanio bado viko mdomoni. Akavitoa. "Sabuni ya nani? Uliza mwenye vidole vyeupe."

Nikageuka. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ametulia kama aliyetoka kanisani. Vidole vyake vitatu vilikuwa na unga mweupe.

"Ulibandika mboga bila magadi," akaniambia. "Ulilelewa wapi wewe?"

Kwa wale ambao hawajakaa na sisi watu wa magharibi: magadi ni ule mchanga wa chumvi tunaotia kwenye mrenda, kunde na mboga zote ngumu ili zilainike. Mama yangu hajawahi kuona jani likichemka bila magadi akanyamaza. Aliona sufuria, aliona kabeji, mkono ukajua la kufanya.

Nilikuwa nimekasirika, sitawaficha. Nekesa akachungulia. "Mwaga hiyo kitu. Inakaa maji ya kuosha brashi ya rangi."

Na ningemwaga. Lakini ndimu nilikuwa nimeshazikata, na mimi nikiona ndimu iliyokatwa inakaukia kwenye sahani naumia. Nikachuja sehemu ya yale maji kwenye jagi la glasi. Nikakamua nusu ndimu moja.

Wakuu.

Juisi ilipogusa maji, barabara ya zambarau ikafunguka kutoka juu mpaka chini ya jagi. Povu likapanda likisema shhhh, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Nikakamua nusu ya pili. Zambarau ikawa waridi. Ya tatu, ya nne. Ile buluu yote ikaisha, kana kwamba kuna mtu aliyeiita nje, na jagi likabaki jekundu, jekundu kabisa, lile lile la Juba, na vipovu vidogo vikipanda ukutani.

Nimeona ziwa la Turkana likibadilika rangi mara tatu kabla ya saa sita. Nimeona mvua ya mawe ikigeuza shamba la mahindi kuwa jeupe mchana. Lakini hivyo vilikuwa mbali, vya Mungu. Hiki kilitokea chini ya mkono wangu, na ganda la ndimu bado nimelishika.

Nekesa alisema "Yesu" mara moja, akaketi juu ya ndoo.

Mama ndiye aliyesimama.

"Umeweka nini?"

"Ndimu, mama."

"Ndimu tu?"

"Ndimu tu."

"Wacha uongo. Lete hapa nifanye mwenyewe."

Nikampimia kwenye glasi buluu iliyobaki sufuriani. Akakamua, nusu ikaenda kwa kiwiko. Glasi ikawaka waridi mbele ya uso wake. Mama akafunika mdomo na kiganja akacheka, cheko ambalo nilikuwa nimelisahau, la msichana anayejua ameharibu kitu na hatapigwa.

"Kumbe miaka hii yote," akasema, "magadi yangu ilikuwa na siri na haikuniambia."

Hapa nitasimama kidogo. Form Three, mwalimu wetu wa kemia alituandikia ubaoni kwamba asidi hugeuza buluu kuwa nyekundu. Tuliandika, tulikariri, tulipita mtihani. Hatukuona kwa macho, kwa sababu maabara yetu ilikuwa na chupa tupu na popo. Nimeibeba hiyo sentensi kila mahali nilipolala, kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua. Jumatano, kwa jiko la gesi la Nekesa, hatimaye mwenyewe akapokea.

Turudi.

Mama alionja glasi yake. Akakunja uso. "Mbaya." Akaonja tena. "Haina sukari. Haina tangawizi. Na inanuka kabeji."

Akashika jiko. Mimi nikatumwa kuponda tangawizi, Nekesa akatumwa kuchambua minti. Mama anatia, anaonja na kijiko. Anatia, anaonja. Kijiko kikawa kidogo, akachukua kikombe. Jioni nikatazama jagi nikaona sakafu yake. Mimi na Nekesa tulikuwa tumekunywa kikombe kimoja kimoja tu. Nekesa akanikata jicho: usiseme kitu.

Nikaenda kuosha jagi.

Ila kesho yake nikafanya kosa. Alhamisi niliamka mapema, nikatengeneza peke yangu, safi kabisa, nyekundu inang'aa, barafu, jani la minti juu. Nikaiweka kwenye sinia, nikampelekea mama kitini kama waiter.

Aliitazama. Akaisogeza kando.

"Anayeletewa kinywaji kwa sinia ni mgeni," akasema. "Mimi hapa nimetembelea nani?"

Nilisimama na lile sinia, wakuu, na nikaona mambo mengi kwa wakati mmoja. Tangu miguu ianze kumsumbua, Nekesa kwa upendo wake wote alikuwa amemwambia mama akae. Usiguse, mama. Pumzika, mama. Mwanamke aliyepika tangu utotoni anawekewa kikombe mkononi, anaambiwa kunywa. Alikuwa amefanywa mgeni kwenye nyumba anayoishi. Na mimi, mgeni wa kweli, nilipaswa kuijua hiyo ladha. Hata maji ya mgeni hunuka chuma.

Nikarudi jikoni. Nikabandika kabeji iliyobaki. Nikangoja ichemke. Halafu nikaita, "Mama! Hii mboga iko sawa?"

Kiti chake kikatoa mlio.

Akaja akishika ukuta, akachungulia. "Na hata hujatia magadi! Toka hapo."

Alikunywa glasi mbili akiwa amesimama, akinigombeza katikati.

Ijumaa daktari alivuta ngozi ya mkono. Ikarudi. Sio haraka kama yangu, lakini ilirudi. Akavuta tena kuhakikisha.

"Mmempa nini?"

"Kazi," Nekesa akajibu.

Wodi hatukuiona. Nekesa alimweleza kuhusu magadi, daktari akasema iwe chembe tu, isije ikampandishia presha. Sasa mama anachukua kwa ncha ya vidole viwili, na buluu bado inatoka. Wenye presha kwenu, msiicheze. Bila magadi kabisa pia inakubali: zambarau inageuka waridi moja kwa moja, ila povu mtalikosa.

Mkitaka kujaribu: kabeji msichemshe sana, harufu itawashinda. Maji yakishika rangi, chujeni mara moja. Tangawizi iwe nyingi kuliko mnavyofikiri. Ndimu iwe ya mwisho, na ikamuliwe mbele ya mnywaji, au mkono wake mwenyewe ukamue.

Nilichojifunza ni kidogo. Mzee akikataa kitu mkononi mwako, kabla hujabadilisha kitu, angalia kama ulimwachia mikono yake.

Nilikuwa niondoke leo Jumamosi, kuna jamaa Lodwar ananingoja. Asubuhi sikuona begi. Nikalikuta mlangoni mwa jikoni, tupu, nguo zangu zimekunjwa juu ya kitanda cha wageni. Mama alikuwa anasugua sufuria, hakuinua macho.

"Baba," akasema, "beba hilo uende soko. Ndimu zimeisha."

Kwenu wazee wenu wamekataa nini, na nini kiliwarudisha? Andikeni hapo chini hata kama ni refu. Nitasoma yote nikirudi. Sasa hivi nimetumwa.