Maulid na Bunduki ya Bata Mzinga

Maulid hula kwangu kila mchana, mkahawani, ghorofa ya pili hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku Uchina, meza ya karibu na dirisha. Ni mtu wa Tabora, mwembamba, mcheshi, hakosi sala. Kazi yake ni kupokea mizigo. Anakwenda Kangle kwenye vyumba vya mafundi cherehani, anakagua nguo za wateja wa Dar, anazifunga, zinapelekwa kontenani. Lakini kabla ya kuja Uchina alikuwa fundi wa bunduki kwenye kambi ya wawindaji huko kwao. Alipoondoka, kazi alimwachia kijana aliyemfundisha mwenyewe, Didas, na akamsemea kwa meneja, Bwana Cyrus.

Sasa, kwenye kupokea mzigo Maulid ana mtindo, tena si wake peke yake, ni wa wanunuzi wote hapa. Hata suruali iwe imeshonwa ikashoneka, neno la kwanza ni kelele. "Laoban! Takataka gani hii? Nani kakudanganya wewe unajua kushona?" Laoban, ndiyo bosi mwenye chumba, naye anapiga zake, anaapa, anajishika kichwa. Mwisho bei inateremka kidogo na wote wawili wanakunywa chai. Hakuna anayeumia. Kila mtu anajua ni namna ya kununua.

Siku hiyo tulitoka kusali adhuhuri, watu wamejaa, na Njuguna, mfanyabiashara wa Nairobi, alikuwa amemshika Maulid kwa maneno.

"Wewe fundi wa bunduki? Wacha hizo, buda. Wewe ni fundi wa selotepu."

Watu wakacheka. Maulid akacheka nao, ila si sana. Na kama iliyoitwa, simu yake ikalia. Alikuwa Didas, kwa video, nyuma yake vichaka, wenzake wa kambini na jua la asubuhi. Maulid akaisimamisha simu kwenye jagi la maji ili Njuguna aone vizuri.

"Fundi, nisaidie," Didas alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni kaja na bunduki yake ya marisau, hizi zinazojikoki zenyewe. Kwao anawindia bata mzinga wa porini, hapa anataka kanga. Inagoma. Ya kwanza inalia, ganda linatoka, linaanguka hapa hapa miguuni, ya pili haipandi. Bwana Cyrus kaniambia mgeni asipopiga leo, mimi nakwenda nyumbani."

"Fungua bomba la risasi nione," Maulid akasema, na kifua kimeshajaa. Meza zote ziligeuka kutazama.

Didas akaitandika bunduki kwenye turubai, akaondoa risasi zote, akafungua kifuniko cha mbele, akavuta springi ndefu. Akaisogeza karibu na simu. Ilikuwa safi, inang'aa. Kisukumio chake kikateleza bombani bila kukwama. Na kibao kinachopandisha risasi kikacheza juu na chini bila shida. Mimi si fundi wa chochote ila sufuria, lakini hata mimi niliona kijana anafanya kwa adabu, kila kipande anakifuta na kukipanga.

Maulid hakuona kasoro. Hapo ndipo alipopaswa kusema hivyo. Lakini Njuguna alikuwa ameegemea mkono, anamtazama, anatabasamu.

"Takataka gani hii, Didas?" Maulid akapaza sauti, ile ile ya Kangle. "Umemimina mafuta kama unakaanga maandazi! Nani kakudanganya wewe fundi? Bunduki ya watu umeshaiua!"

Meza zikalipuka kwa kicheko. Njuguna akapiga makofi, "Sasa nimekubali!" Maulid akanyoosha shingo. Didas peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama pembeni, na tukasikia sauti ya mtu mzima kwenye simu, taratibu: "Umemsikia mwalimu wako. Rudisha sare." Picha ikazima.

"Huyo nani?" nikauliza.

"Cyrus," Maulid akasema. "Alikuwa amesimama pale." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Lakini anajua natania. Si anajua, Bi Mwatima?"

"Atajuaje? Yeye si laoban."

Nikamwekea wali, hakuugusa. Watu walirudi kwenye stori zao za mizigo. Mara nikamwona ameshika paji la uso.

"Ganda linaanguka miguuni," akasema, kama anazungumza na sahani. "Kaniambia mwanzo kabisa. Mimi ndiye niliyemfundisha: tazama ganda linaangukia wapi. Likiruka mbali, nguvu ipo. Likianguka miguuni, risasi ni nyepesi, haina nguvu ya kuirudisha bunduki nyuma mpaka mwisho, basi ya pili itapandaje? Bunduki hiyo imezoea risasi nzito za bata mzinga. Huyo mgeni kanunua zile nyepesi za kulengea visahani vinavyorushwa hewani. Bunduki nzima. Kijana hana kosa hata moja."

"Basi piga."

Akanisogezea simu. "Piga wewe, Bi Mwatima. Wewe mtu mzima, atakusikiliza. Mwambie nilikuwa natania tu."

"Mimi sikumtukana mtu, Maulid."

Nilisema kwa upole, ila nilisema. Akainama. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Akapiga, na Njuguna akaacha kijiko.

"Bwana Cyrus, yule kijana nimemsingizia."

"Umemsingizia kwa nini?"

Maulid akatutazama sisi, mmoja mmoja. "Kulikuwa na watu hapa. Nilitaka wanione."

Akaeleza habari ya risasi, akasema wajaribu zile nzito za kambi. Tukasubiri. Kisha tukasikia mlio, na mwingine, na mwingine, zimefuatana bila kukwama, na mgeni akipiga kelele za furaha.

"Sawa," Cyrus akarudi. "Didas bado yuko getini, anangoja gari. Nawaita wafanyakazi wote wasimame hapa, na wewe utarudia maneno yako kwa sauti. Walikusikia ukimwita takataka. Wakusikie na hili."

Akarudia. Mkahawa mzima ulimsikia pia, na hakuna aliyecheka. Njuguna aliinuka, akanawa mikono, akatoka bila kuaga, na chakula kimebaki nusu.

Halafu Didas akapewa simu. Alikuwa ameshavaa nguo zake za nyumbani, begi begani, na macho yalikuwa mekundu. Nilidhani atamtukana, na angekuwa na haki. Maulid naye alikuwa amejikaza kama anayesubiri kofi.

"Shikamoo, fundi," Didas akasema.

Maulid akafungua mdomo. Marahaba ni neno la kila siku, hata mtoto anaitikia bila kufikiri. Yeye alishindwa. Alitazama ile sura ndani ya simu, midomo inatikisika, na Didas akadhani mtandao umekata, akawa anaita, "Fundi? Fundi, unanisikia?"