Shikamoo, Mzee Kampuni

Mwenzangu, kila mtu ana wazimu wake. Wangu ni kadi za posta za zamani, zile zilizouzwa zikiwa na stempu imechapwa tayari. Nikipata moja, situlii mpaka nijue aliyeandikiwa alikuwa nani na aliishia wapi. Mwezi uliopita, pale Old Korogwe, watoto wa marehemu mwalimu wetu wa kijijini Sindeni walikuwa wakiuza vitu vya baba yao. Ndani ya boksi la chaki nikakuta kadi iliyopelekwa kwa kampuni moja ya santuri, Tanga. Nikaigeuza. "Mzee Kampuni, shikamoo."

Yalikuwa maneno ya bibi yangu.

Bibi hakujua kusoma. Kaka yake alikuwa mwimbaji, na siku alipoaga alimwambia, "Kampuni kaipenda sauti yangu, dada. Kampuni atanipangishia chumba." Basi bibi akaamini Kampuni ni mtu mzima, mwenye nyumba na mke. Baadaye santuri yake ilifika. Kaka mwenyewe hakufika.

Kila Ijumaa jirani yetu, fundi cherehani, alituletea gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono. Naukumbuka mkwaruzo wa sindano, kisha sauti nyembamba ikiimba Kizigua. Mwishoni mwimbaji alicheka, akasema, "Dada, bandika maji, naja." Na bibi alibandika. Chai hiyo tuliinywa sisi wajukuu kwa mihogo ya kuchemsha, ila kikombe kimoja kilifunikwa kwa kisahani, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Nilikiogopa kikombe kile kuliko fisi.

Ndipo bibi akamwomba mwalimu amwandikie Kampuni, amruhusu kaka aje nyumbani walau mara moja. Tangu hapo, kila walipokutana aliuliza, "Mwalimu, Kampuni hajaitikia?"

"Subiri, bibi. Posta ni mbali."

Bibi alishikilia kwamba shikamoo haipotei njiani. Alikufa akiisubiri marahaba yake. Kumbe kadi ilikwisharudi, imegongwa muhuri: Hajulikani. Mwalimu aliificha, wala simlaumu; hata mimi ningemwambia nini?

Nilifuata anwani ile hadi Tanga. Ilipokuwa kampuni sasa wanauza vipuri vya bodaboda.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?" kijana wa dukani akauliza.

Nilikusudia kuuliza habari za kampuni ya santuri. Mdomo ukasema, "Namtafuta Kampuni. Alimchukua kaka wa bibi yangu." Kijana akanitazama kwa huruma, akanivutia kiti. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kumsikia mwimbaji huyo.

Nikarudi kwa njia ya Sindeni. Nyumba ya bibi imeanguka, santuri sijui iliishia wapi, yamebaki mafiga tu kwenye majani. Nilisimama pale, na naapa niliusikia mkwaruzo wa sindano. Bado anakuja, mwenzangu. Maji atayabandika nani?