Nilidhani Mjukuu Wangu Kalewa Uraka Wangu

Jamani, kosa ni langu. Msinitafutie shetani wala mchawi. Nichekeni kwanza, kisha mnisikilize.

Mimi ni bibi wa huku Nachingwea, na miaka ile ya tisini pombe yangu ya uraka ilikuwa na sifa mpaka Chiola. Msimu ukifika wenzangu wanaokota korosho, mimi naokota mabibo, yale matunda yake, nakamua, naacha maji yake yakolee. Waliokunywa kwangu walirudi makwao wanatambaa. Najisifu, ndiyo, mtanisamehe.

Binti yangu alikuwa anafanya biashara ya ufuta Ruangwa, akaniachia mwanawe Festo, wa miaka sita. Si mnajua mjukuu wa kiume ni mume wa bibi? Namwita mume wangu, naye ananiita mke wangu, tena ananigombeza ugali ukichelewa. Kafupi vile, mdomo kama diwani!

Siku moja nikamlambisha kata ya uraka. "Mume wangu, onja kama umekolea." Akakunja uso: "Mke wangu, umechacha huu, mwaga!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Haukupita muda, Festo akaanza kuyumba. Akienda chooni anagonga ukuta. Asubuhi anatapika, kashika kichwa. Loo! Nikajua huyu bwana ananiibia uraka nikilala. Dalili zile nisizijue mimi, na ndiyo biashara yangu?

Nikafunika mtungi kwa jiwe. Bado anayumba. Nikauhamishia uvunguni mwa kitanda changu. Bado! Moyoni nikamsifu kwa ujanja.

"Bibi, sijanywa," akaniambia. Siku hiyo hakuniita mke wangu.

Nikamjibu, "Walevi wote husema hivyo."

Mama yake alipokuja kumwona, nikaingiwa na woga. Nikisema mtoto amelewa, si ataniuliza nani aliyemwonjesha? Nikamwambia amekula mabibo mengi, tumbo limechafuka. Akaniamini, maana mimi ni mama yake. Akarudi zake Ruangwa.

Mabibo yakaisha. Uraka nao ukaisha, mtungi nikaufudikiza. Festo bado anayumba! Kumbe mtoto hakulewa hata siku moja, mlevi nilikuwa mimi na akili zangu.

Nikamwita mama yake mbio, tukampeleka hospitali, nao wakatuandikia twende Dar es Salaam. Tulisubiri gari Nanganga mvua inatupiga, kichwa chake mapajani mwangu, nami namfunika kwa khanga yangu.

Huko wakasema ana uvimbe kwenye ubongo. Saratani. Mimi nilidhani saratani ni ya watu wazima! Daktari akauliza, "Alianza kuyumba lini?"

Binti yangu akajibu, "Kama wiki mbili hizi."

Nikataka yapite hivyo hivyo. Nani angejua? Lakini nikamwona Festo ananitazama, nikashindwa. Nikasema, "Tangu mabibo yanaanza kuiva." Na ya kata nikayasema.

Binti yangu akageuka, akaniangalia tu. Hakunitukana. Bora angenitukana, jamani!

Wakampasua, wakamchoma mionzi, na Mungu akamponya. Macho hayakupona. Daktari alisema uvimbe ule ulibana mishipa ya macho kwa muda mrefu. Muda huo niliula mimi, kwa kuogopa kugombezwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Uraka sijakamua tena. Festo sasa ni kijana mrefu kunizidi, anatembea kijiji kizima kwa fimbo yake. Juzi nilijitia kumshika mkono tukienda kwa jirani, eti namwongoza. Mimi mwenye macho nikajikwaa kwenye kisiki, tukaanguka wote wawili, puu! Majirani wakatoka kuangalia.

Festo akajipapasa, akajikuta mzima, kisha akapaza sauti watu wote wasikie: "Mke wangu, leo umekunywa wapi?"

"Sijanywa mimi!"

"Walevi wote husema hivyo."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, nimekaa vilevile mavumbini, machozi yananitoka. Kumbe miaka yote hiyo neno langu alikuwa nalo.

Basi wenzangu, mtoto akiyumba, mpelekeni hospitali kwanza. Kucheka mtacheka mkirudi.