Ukurasa Mmoja kwa Miezi Mitatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ikwiriri. Mwatumu anageuza vitumbua karibu na kituo cha mabasi, uso ameukunja kwa moshi. Binti yake Kudra, wa kidato cha pili, anakuna nazi, daftari la Jiografia likiwa mapajani.

"Lifunge. Nieleze kwa Kiswahili."

"Mama, mtihani unakuja kwa Kiingereza."

"Kiingereza utamalizia. Kusomewa nimechoka."

Hasira hizi zina sababu. Mwatumu, miaka 41, ameishia darasa la saba. Chuoni, kwenye Kurani, alijifunza kwa kukariri, akaona na Jiografia itakwenda hivyo hivyo. Kila asubuhi Kudra alisoma kwa sauti bila kutazama, mama anasikiliza mikono imo kwenye unga. Akikwama, anarudi mwanzo.

"Nikajisifu kwa wenzangu, Kiingereza kinamtoka kama maji," anasema.

Hadi asubuhi moja ya Julai hii, 1996, alipojikuta anamtangulia mtoto kutamka. Sentensi nzima. Yeye, asiyejua Kiingereza.

"Nikamuuliza, Kudra, haya mimi nimeyajuaje? Akacheka. Kumbe ukurasa ule ule, miezi mitatu. Nikamwambia basi twende wote tukafanye mtihani."

Kudra hakatai. "Mama alitaka sauti. Nikampa sauti."

Mtihani ni Novemba. Kudra ameshakirudia kidato hiki mara moja. Akianguka tena, shule basi. Na ada ya mwaka, shilingi 40,000, ni vitumbua elfu mbili.

Wazazi tulioishia darasa la saba, nami nimo, hapo ndipo tunapodanganyika. Mtoto akitoa sauti, tunadhani anasoma.

Sasa Kudra anaeleza mpaka mama aelewe. Juzi alieleza jinsi mto unavyogawanyika ukikaribia bahari. Mwatumu akauliza, mbona maji ya chumvi yanapanda hadi kwenye mpunga wa bibi yake Kudra kule delta?

Kudra akanuna. "Mama nawe, hilo halimo kwenye daftari."

"Na bibi yako hayumo kwenye daftari. Mpunga wake unakufa."

Jana mtoto alichelewa kurudi, Mwatumu akamngojea mlangoni na maneno tayari. Kumbe alipitia kwa mwalimu wa Jiografia kuuliza. Amepata nusu ya jibu, nusu ameambiwa akaitafute kitabuni.

"Kumgombeza nimemgombeza," anasema Mwatumu. "Lakini sikumtuma mimi. Akienda hivyo bila kutumwa mpaka Novemba, hata jibu lenyewe nisilielewe, nitalala usingizi."